Mkono Usioweza Kuukata: Mshirika Mdogo na Sera ya Nje ya Mshirika Mkuu. Mfano wa Tanzania, Uingereza na Marekani, 1964–1968

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo nchi inayomtegemea mshirika mwenye nguvu inapaswa kuipinga sera ya nje ya mshirika huyo. Mfano mkuu ni uamuzi wa Tanzania wa kuvunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza tarehe 15 Desemba 1965 kwa sababu ya Rodesia ya Kusini. Mfano huo unalinganishwa na mwenendo wa Zambia katika suala hilo hilo, na mwenendo wa Uingereza yenyewe mbele ya Marekani katika suala la vita vya Vietnam. Makala yanadai kuwa mshirika mdogo ni nadra kubadili sera ya mkubwa, na kwa hiyo upinzani wake usipimwe kwa kigezo hicho peke yake. Upimwe pia kwa kile alichokilinda kilicho chake, na kwa namna alivyojiandaa kulipa gharama.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hii imebeba nadharia nzima ya uhusiano wa mataifa. Inamshauri mnyonge aupime uwezo wake kabla ya kuipima haki yake, na pale uwezo usipotosha, anyenyekee. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba ahadi ni deni. Mwezi Desemba 1965 methali hizi mbili zilikutana uso kwa uso katika ukumbi wa Bunge jijini Dar es Salaam, pale Rais Julius Nyerere alipowaeleza wabunge kwa nini serikali yake ilikuwa inajiandaa kukata uhusiano wa kibalozi na Uingereza, nchi iliyokuwa mfadhili, mnunuzi wa mazao, na miezi ishirini na mitatu tu kabla ya hapo, mwokozi wa serikali hiyo hiyo.

Uamuzi huo umezoeleka kuhukumiwa kwa matokeo yake. Wanaoukosoa husema haukumwondoa Ian Smith madarakani, haukuisogeza Uingereza hata hatua moja kuelekea matumizi ya nguvu, na uliigharimu nchi maskini mkopo wa pauni milioni 7.5. Wanaoutetea hujibu kwa lugha ya heshima na utu wa Mwafrika. Pande hizi mbili hazijibizani, kwa kuwa kila moja inatumia mizani yake. Makala haya yanajaribu kuzikutanisha, kwa kuuliza swali la jumla zaidi: mshirika mdogo anapompinga mkubwa, anatafuta nini, na nani hulipa?

Neno “mshirika” linahitaji ufafanuzi. Tanzania ilifuata siasa ya kutofungamana na upande wowote, na haikuwa na mkataba wa kijeshi na Uingereza wa aina iliyoziunganisha nchi za Ulaya Magharibi na Marekani. Hata hivyo, katika maisha ya kila siku ya dola ilikuwa mshirika mdogo kwa kila hali. Ilikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Shilingi yake ya Afrika Mashariki ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoegemea pauni, kwa kuwa Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966 tu. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, uliozinduliwa mwaka 1964, ulitegemea fedha za nje kwa zaidi ya nusu ya matumizi ya maendeleo ya serikali kuu.

2.0 Tanzania na washirika wake kabla ya Desemba 1965

Mwelekeo wa Nyerere wa kutoa onyo mapema ulionekana hata kabla ya uhuru. Mwezi Machi 1961, katika makala aliyoiandikia gazeti la Observer la London, alieleza kwamba Tanganyika huru isingeweza kujiunga na Jumuiya ya Madola iwapo Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ingebaki humo. Siku chache baadaye Afrika Kusini iliondoa ombi lake la kuendelea kuwa mwanachama. Haikuwa sauti ya Nyerere peke yake iliyoleta matokeo hayo, kwani nchi za Asia na Kanada nazo zilikuwa zimekwisha kusimama. Tukio hilo hata hivyo lilionyesha kwamba mnyonge anayetaja sharti lake mapema, tena mbele ya watu, na akawa na wenzake, huweza kusikika.

Tukio la pili lilikuwa la uchungu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ilishindwa kuidhibiti hali hiyo. Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza walishuka kutoka manowari ya Centaur na kuyazima maasi kwa muda mfupi. Nyerere hakuficha kwamba kuwaita wakoloni wa jana kuja kuilinda serikali ya leo ilikuwa aibu kwa taifa. Aliitisha mkutano wa dharura wa nchi za Afrika, na baadaye askari wa Nigeria wakachukua nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya likiundwa.

Tukio hili ni la msingi kwa hoja yetu kwa sababu linapinga tafsiri nyepesi ya uamuzi wa 1965. Mtu hawezi kusema kwamba Nyerere alivunja uhusiano kwa kutojua uzito wa Uingereza. Alikuwa ameuona kwa macho yake. Alijua pia kwamba mkono aliotaka kuukata ndio uliomshika alipokuwa akianguka.

Tukio la tatu lilihusu Ujerumani. Zanzibar baada ya mapinduzi ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 serikali mpya ilirithi tatizo hilo. Ujerumani Magharibi haikutaka nchi yoyote rafiki itambue serikali ya Berlin Mashariki. Mapema mwaka 1965 Tanzania ilichagua njia ya kati: ubalozi wa Zanzibar ufungwe, na Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuwa na konseli kuu Dar es Salaam bila kutambuliwa rasmi kama dola. Ujerumani Magharibi ilijibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere naye akajibu kwamba msaada unaotolewa kwa masharti ya kuchaguliwa marafiki haufai, na akaitaka Ujerumani Magharibi iondoe pia misaada mingine ya serikali. Hapa tunaona kanuni ambayo ingejirudia mwishoni mwa mwaka: anayekataa kuamuliwa na mfadhili hana budi kuwa tayari kuukosa ufadhili wenyewe.

3.0 Rodesia na azimio la Addis Ababa

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wachache wa Rodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru. Waafrika wa koloni hilo walikuwa takribani milioni nne, na walowezi walikuwa zaidi kidogo ya laki mbili. Kisheria Rodesia ilibaki koloni la Uingereza, na serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ililitangaza tendo la Smith kuwa uasi. Lakini Wilson alikuwa amekwisha kutamka hadharani, kabla ya uasi wenyewe, kwamba Uingereza haingetumia nguvu za kijeshi. Kwa Waafrika wengi hapo ndipo palipokuwa na jeraha. Uingereza ilikuwa imepeleka askari katika makoloni yake mengi yalipoasi, na Kenya ilikuwa shahidi wa karibu. Palipoasi Wazungu, iliamua kutumia vikwazo vya uchumi.

Mwanzoni mwa Desemba, Baraza la Mawaziri la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lilikutana Addis Ababa na kuazimia kwamba, ikiwa Uingereza haitakuwa imeuzima uasi ifikapo tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zivunje uhusiano wa kibalozi nayo. Umoja ulikuwa na wanachama zaidi ya thelathini. Siku ilipofika, nchi zilizotekeleza azimio hazikufika hata theluthi moja. Miongoni mwao zilikuwa Ghana, Guinea, Mali, Misri, Algeria na Tanzania. Nyingine zilitafuta udhuru, na nyingine zilikaa kimya.

Hoja aliyoitoa Nyerere bungeni tarehe 14 Desemba haikuwa kwamba Uingereza ingetishika. Alijua isingetishika. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika imetoa neno lake, na kama neno hilo lingekuwa upepo, basi hakuna mtu ambaye angelazimika kulijali neno la Afrika tena. Alitofautisha pia kati ya serikali ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Tanzania ilivunja uhusiano na ya kwanza ikabaki katika ya pili, kwa maelezo kwamba Jumuiya ni chombo cha mataifa mengi wala si mali ya Uingereza. Tofauti hiyo ni ndogo kwa sura lakini ina uzito. Inaonyesha kwamba upinzani ulikuwa na mipaka iliyopimwa, na kwamba mlango wa kurudi uliachwa wazi. Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968.

4.0 Gharama, na mfano wa Zambia

Gharama ilionekana mara moja. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa imekubali kuutoa ulizuiwa. Kwa Mpango wa Maendeleo uliotegemea fedha za nje hilo lilikuwa pigo la kweli. Ni lazima tuseme wazi kwamba pigo hilo halikumwangukia Rais wala wabunge waliompigia makofi. Lilimwangukia mkulima aliyekuwa akingoja barabara, na mtoto aliyekuwa akingoja darasa. Heshima ya taifa ni mali ya wote, lakini bili yake haigawanywi sawasawa. Utetezi wowote wa uamuzi wa 1965 unaoliruka jambo hili ni utetezi wa nusu.

Zambia ilikuwa na uchungu ule ule wa Rodesia, tena mkubwa zaidi kwa kuwa ilipakana nayo. Lakini Rais Kenneth Kaunda hakuvunja uhusiano. Shaba yake ilisafirishwa kwa reli iliyopita Rodesia, makaa yake ya mawe yalitoka Wankie, na mitambo ya umeme wa Kariba ilikuwa upande wa kusini wa mto Zambezi, mikononi mwa Smith. Alichagua kubaki mezani na kuomba. Alipata baadhi ya mambo: ndege za kivita za Uingereza zilipelekwa Zambia mwezi Desemba 1965, na Uingereza ilishiriki kusafirisha mafuta kwa ndege baada ya njia ya kusini kufungwa. Hakupata jambo alilolitaka zaidi, yaani askari wa Uingereza wa kukilinda Kariba na kuukomesha uasi.

Je, Kaunda alikuwa mwoga na Nyerere shujaa? Ushahidi hauruhusu hukumu hiyo. Serikali hizo mbili zilishirikiana kwa karibu katika kipindi chote. Mafuta ya Zambia yalipita bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori katika barabara mbovu ya kwenda kusini. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikafuata katika miaka ya 1970. Mmoja alivunja na mwingine alibaki, na kila mmoja alifanya kile ambacho jiografia yake ilimruhusu. Zaidi ya hapo, wale waliobaki mezani walichangia kuibana Uingereza katika mikutano ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1966, hadi Wilson akatoa ahadi mwishoni mwa mwaka huo kwamba Rodesia haitapewa uhuru kabla ya utawala wa walio wengi. Ahadi hiyo ililegezwa katika mazungumzo ya mwaka 1968 kati ya Wilson na Smith. Hata hivyo inatukumbusha kwamba aliyebaki ndani naye alikuwa na silaha.

5.0 Wilson kati ya Dar es Salaam na Washington

Mara nyingi husahaulika kwamba Wilson, aliyekuwa mkubwa mbele ya Nyerere, alikuwa mdogo mbele ya mtu mwingine katika mwaka huo huo. Serikali yake iliingia madarakani Oktoba 1964 ikiwa na wingi wa viti vinne tu bungeni na pauni iliyokuwa ikishambuliwa sokoni. Mwezi Novemba 1964 benki kuu za nchi tajiri, Marekani ikiwa mbele, zilikusanya mikopo ya dola bilioni 3 kuinusuru pauni. Rais Lyndon Johnson alikuwa anahitaji bendera ya Uingereza Vietnam, hata kama ingepeperushwa na kikosi kidogo tu. Tanzania iliegemea pauni, na pauni iliegemea dola. Kila mmoja alikuwa na mkono wa kuubusu.

Wilson alifanya mambo matatu. Kwanza, alijaribu kushauri. Mwezi Februari 1965 alimpigia Johnson simu usiku, akapendekeza kusafiri hadi Washington kuzungumzia hali ya Vietnam. Johnson alimjibu kwa ukali kwamba yeye hakuwa akimwingilia Wilson katika mambo ya Malaysia, na hivyo aachiwe mambo ya Vietnam. Pili, alijaribu kusuluhisha. Katika mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Juni 1965 alipendekeza ujumbe wa amani wa Jumuiya. Nyerere alijitenga na pendekezo hilo, kwa kuwa aliona kuwa msuluhishi aliyekwisha kuunga mkono upande mmoja hawezi kukubalika kwa upande wa pili. Ikawa hivyo, kwani Hanoi na Beijing hazikuupokea ujumbe huo. Tatu, alikataa. Hakupeleka askari. Na mwishoni mwa Juni 1966, ndege za Marekani ziliposhambulia maghala ya mafuta ya Hanoi na Haiphong, serikali yake ilitangaza kujitenga na shambulio hilo, huku ikiendelea kuunga mkono msimamo wa jumla wa Marekani.

Tukiyapima mambo hayo matatu, ushauri haukuzaa kitu na usuluhishi haukuzaa kitu. Kukataa ndiko kulikozaa. Australia, mshirika mdogo mwingine wa Marekani, ilipeleka Vietnam kwa miaka kadhaa watu wapatao elfu sitini, na zaidi ya mia tano kati yao hawakurudi hai. Uingereza haikupeleka kikosi kwenda kupigana katika vita hivyo. Na adhabu iliyoogopwa haikuja kwa ukubwa uliodhaniwa. Johnson alikasirika, lakini Marekani iliendelea kuisaidia pauni kwa sababu anguko lake lingeitikisa dola yenyewe. Pauni ilishushwa thamani tarehe 18 Novemba 1967, kutoka dola 2.80 hadi 2.40, kwa sababu za uchumi wa Uingereza zaidi kuliko kwa kisasi cha Vietnam. Hapa pana funzo ambalo wanyonge hulisahau: mkubwa naye ana maslahi katika kusimama kwa mdogo, na utegemezi, ingawa si sawa, haupiti njia moja tu.

6.0 Mjadala

Mifano hii inatuwezesha kurudi kwenye swali la msingi tukiwa na mizani iliyo bora kidogo. Jambo la kwanza ni kutenganisha upinzani wa kumwelekeza mwingine na upinzani wa kukataa kushirikishwa. Katika ule wa kwanza mdogo hutaka kuushika usukani wa mkubwa, na ni nadra afanikiwe. Wilson hakuugeuza usukani wa Johnson, na Nyerere hakuugeuza ule wa Wilson. Katika ule wa pili mdogo huamua juu ya kilicho chake: askari wake, sahihi yake, neno lake. Hapo hahitaji ruhusa ya mtu.

Jambo la pili ni uaminifu wa neno lililotangulia. Nyerere alikuwa amefungwa na azimio ambalo nchi yake ililikubali kwa hiari. Mtu aweza kusema kwamba azimio la Addis Ababa lilitolewa kwa pupa, bila kuuliza nani ataweza kulitekeleza. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini inahusu siku ya kuahidi, si siku ya kulipa. Funzo lake kwa wanyonge ni kuwa waangalifu wa ahadi, kwa maana ahadi ndiyo sarafu pekee wanayoweza kuitoa bila kukopa.

Jambo la tatu ni siku inayofuata. Upinzani wa Tanzania haukuishia katika kumwondoa balozi. Uliambatana na kutafuta wafadhili wengine, kuijenga njia ya Zambia kuelekea bahari, kuwapa hifadhi wapigania uhuru, na mwezi Februari 1967, Azimio la Arusha, lililoitahadharisha nchi dhidi ya kuifanya fedha ya kigeni kuwa msingi wa maendeleo. Iwapo siasa hiyo ya kujitegemea ilifanikiwa kiuchumi ni suala jingine, na historia yake ina makovu mengi. Hata hivyo mfuatano huo unaonyesha kwamba uamuzi wa 1965 haukuwa hasira ya siku moja.

Mwisho, matukio ya baadaye yaliithibitisha shaka iliyokuwa kiini cha uamuzi huo. Nyerere hakuamini kwamba vikwazo peke yake vingeuangusha uasi. Mwezi Januari 1966 Wilson alitabiri huko Lagos kwamba vikwazo vingeumaliza katika majuma na si miezi. Uasi ulidumu miaka kumi na minne. Uchunguzi rasmi wa Uingereza, uliotolewa mwaka 1978 na kujulikana kama Ripoti ya Bingham, ulionyesha kwamba mafuta yaliendelea kuifikia Rodesia kwa kuhusika kwa kampuni kubwa za Uingereza zenyewe, na kwamba wakubwa serikalini walikuwa na habari. Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, baada ya vita vilivyogharimu maelfu ya maisha, na baada ya mazungumzo ya London ambayo nchi za mstari wa mbele, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilikuwa na sauti nzito ndani yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba kila mshirika mdogo anapaswa kupiga meza kila anapoudhika. Yanadai kwamba anapaswa kujiuliza mambo matatu kabla ya kubusu au kukata. Je, ninachokataa ni sera ya mwingine, au ni sehemu yangu ndani ya sera hiyo? Je, neno langu limekwisha kutoka? Na je, wale watakaolipa bili wameambiwa ukweli, na wameandaliwa njia nyingine? Tanzania ya mwaka 1965 ilijibu mawili ya kwanza kwa uthabiti. La tatu ililijibu polepole, na kwa sehemu tu, na wananchi wa kawaida walilibeba pengo hilo.

Methali ya mkono na busu bado ni hekima, lakini ni hekima ya mtu aliye peke yake. Haisemi lolote juu ya mtu mwenye majirani waliomsikia akiahidi. Kwa mtu wa aina hiyo kubusu nako kuna gharama, nayo hailipwi kwa pauni.